Mashine ya Kufumba Macho

Karakana, Jumatatu 3 Machi

Mdogo wangu,

Wiki iliyopita simu umenikatia mara mbili. Mara mtandao, mara upo kwenye kikao. Sawa. Barua haikatwi. Utaisoma mpaka mwisho, na ukiikunja itakusubiri mfukoni.

Bwana Rula amerudisha jezi. Unamkumbuka, mteja wetu wa jezi za timu za shule, yule anayetembea na rula ya chuma kwenye mfuko wa shati mahali ambapo wenzake huweka kalamu. Safari hii hata hakubishana. Aliweka rula kwenye nembo, akaonyesha nyekundu ilivyoikimbia nyeupe kwa upana wa punje ya mchele, akachukua jezi nyingine, hivyo hivyo, akazirudisha zote kwenye maboksi. Amesema atakuja tarehe 30 Aprili aone nembo ya rangi nne ikichapwa mbele yake. Ikikosea, kazi ya mwaka mzima anaipeleka kwingine. Na kazi yake ikiondoka tunafunga mlango. Watu kumi na wawili wanakula hapa, na wewe ulisomeshwa na hapa hapa.

Kwa hiyo tunanunua mashine mpya. Mama alituachia karakana sisi wawili, na aliandika kwamba bila sahihi zote mbili hakinunuliwi hata kijiko. Wewe uko huko kwenye maduka ya mashine, mimi niko kwenye kazi. Uamuzi wangu ni mashine ya bolti, ile inayohudumiwa na Fundi Spana. Anakaa mtaa wa pili. Nikiita dirishani anasikia.

Nakutumia kwa basi jezi sita zilizokataliwa. Waonyeshe wauzaji jinsi mashine ya zamani inavyolegea. Mimi nalenga kama nilivyolenga miaka ishirini na sita, kila rangi inatua palepale pa mwenzake, kwa jicho, mama alivyonifundisha. Mashine ndiyo imechoka.

Weka sahihi, nirudishie karatasi.

Dada yako


Mjini, Jumapili 9 Machi

Dada, shikamoo.

Barua nimeipata, na jezi. Mbona umeniandikia kwa kalamu ya kuandikia maboksi? Maneno manne yamejaza mstari mzima. Nilikuwa naisoma kwenye foleni, watu watatu nyuma yangu wakaisoma pia.

Mashine ya bolti nimeiona. Sitaki. Ni ile ile ya mama, imepakwa rangi mpya tu. Unalegeza bolti, unasukuma fremu ya kila rangi kwa kidole, unatazama, unakaza, ukikaza inahama. Unaanza tena.

Kuna nyingine. Kila fremu ina matundu matatu, na mashine ina pini tatu. Hata filamu, ile karatasi yenye picha ya nembo, inaunguzwa kwa mwanga kwenye fremu ikiwa imeshikwa na pini za namna hiyo hiyo, kwa hiyo rangi zinajuana kabla hazijafika kwenye jezi. Unashusha fremu, pini zinaingia, basi. Ikibaki tofauti ndogo kuna kitufe cha pembeni unakizungusha, na kila nukta unaisikia kwenye vidole. Dada, nilimwomba msichana wa maonyesho afumbe macho. Alicheka, akajifunga skafu, akapachika fremu nne na kuchapa jezi. Nne zote zilikaa. Sijawahi kuona kitu kama kile.

Hii ndiyo tununue. Nakuomba.

Halafu, unalala vizuri? Kichwa hakikuumi? Ulishapumzika hata wiki moja tangu mama afariki? Nauliza tu.

Mdogo wako


Karakana, Alhamisi 13 Machi

Mdogo wangu,

Kalamu nene, ndiyo, nakupigia kelele. Kwa kalamu nyembamba husikii. Na wewe mwandiko wako umekuwa wa daktari, mume wangu ndiye ananisomea, naye anameza nusu ya maneno.

Kurasa mbili umejaza pini na matundu na skafu. Huduma iko wapi? Nimemwambia arudie kusoma mara mbili, neno huduma halimo. Ikifa Jumatatu asubuhi, nani atakuja? Anatoka wapi? Anakuja na basi au na ndege? Vipuri viko kwenye kabati gani? Fimbo ya mbali haiui nyoka, hilo hata mtoto analijua.

Au umesahau mashine ya umeme aliyoinunua mama? Ilichapa vizuri miezi minne. Kadi yake ya umeme ikaungua. Muuzaji akasema fundi yuko njiani. Ni miaka tisa sasa, yule fundi bado yuko njiani, sijui anatambaa kwa magoti. Mama alikufa anamsubiri. Leo tunakunjia nguo juu yake, na kila ninapoipita nasonya.

Sasa nije kwenye skafu. Unaniletea sifa za mashine ambayo mtu anachapa amefumba macho. Mimi ni nani basi? Nilikuwa nafumba jicho la kushoto na kulenga kwa la kulia wewe ukiwa bado unajikojolea. Wote hapa nimewafundisha mimi, fumba la kushoto, tazama kwa la kulia, shusha pumzi. Ukitaka kuniondoa kwenye mashine ya mama yangu, njoo uniambie usoni. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa na kuniuliza kama nalala vizuri. Nalala vizuri sana.

Mwenye macho haambiwi tazama. Weka sahihi kwenye ile ya bolti.

Dada yako


Karakana, Jumapili 16 Machi

Shemeji,

Dada yako hajui kama nakuandikia, na ukimwambia nitakana mchana kweupe.

Naomba uache haya mabishano kwa muda. Siku hizi ni mkali kupita kiasi. Juzi alimfokea mshonaji kwa kusogeza stuli, stuli tu, nusu hatua. Tangu mwezi wa kumi makopo yote ya wino yana nyuzi zilizofungwa kwenye vishikio, fundo moja nyekundu, mawili bluu, matatu njano. Kauliza mtu ni za nini, kajibiwa ni utaratibu mpya, anayeuchoka milango iko wazi.

Mimi namsomea barua zako. Mwandiko wako mbona unasomeka vizuri tu, shemeji.

Siri ya mtungi aijuaye kata, mimi ni mume, sisemi zaidi. Ila ukiandika, kumbuka nasoma kwa sauti.

Shemeji yako


Mjini, Alhamisi 20 Machi

Dada, shikamoo.

Nimeweka sahihi. Ya mashine ya pini. Yangu na yako.

Yako naijua tangu shule, darasa la sita nilijisainia ripoti mbili na hukugundua. Mkia wa herufi ya mwisho unaupeleka juu. Nimeupeleka juu. Muuzaji hakuuliza. Mashine itapakiwa baada ya wiki tatu.

Nilitaka kunyamaza, lakini barua yako imenichemsha damu. Eti nataka kukuondoa! Mimi niliyelala chini ya ile meza ya kuchapia, wewe ukinifunika kwa jezi mbovu! Basi sikiliza, na anayekusomea asome asimung'unye.

Siku ile dukani, msichana wa maonyesho alizipanga jezi zako sita mezani. Akazitazama, akachukua rula, akaniuliza, "Huyu anayelenga ni mtu mzima?" Nikamuuliza kwa nini. Akasema mashine iliyolegea hukosea huku na kule, leo juu, kesho kulia. Hizi sita zote zimekosea kushoto, kwa kiasi kile kile. Mashine haina shida. Mlengaji haitazami kazi kwa mbele, anaitazama kwa pembeni, anakwepa kitu kwenye jicho lake.

Nikamkumbuka mama mwaka wake wa mwisho. Ukimsemesha anageuza uso pembeni, sisi tukadhani ametununia. Kumbe alikuwa anatutafuta.

Ndiyo maana niliomba ile skafu. Nilitaka kujua kama mashine inaweza kumtii mtu asiyeona. Inaweza. Fumba hilo la kushoto sasa hivi, Dada, unitazamie herufi moja kwenye karatasi hii, halafu uniambie ni mashine iliyochoka.

Kuhusu huduma, fundi wao wa karibu yuko mwendo wa siku tatu. Niliuliza baada ya kusaini. Nilikuwa na haraka. Najua.

Mdogo wako


Karakana, Jumatatu 24 Machi

Wewe,

Leo sikuiti mdogo wangu.

Mume wangu alikuwa anasoma barua yako mezani kama kawaida. Alipofika kwenye jezi sita akaiweka barua chini. Nikamwambia soma. Akasema mwandiko haueleweki. Nikamwambia soma, hujashindwa na mwandiko huu hata siku moja. Akasoma. Mshonaji alikuwa mlangoni na bunda la jezi, akasikia yote. Kufika saa sita karakana nzima ilikuwa inatembea kwa kunyata, na mtu mmoja akanisogezea kiti nisichokiomba. Hongera. Miezi mitano nimefunga nyuzi kwenye makopo ili nisisogezewe kiti, wewe umemaliza kwa ukurasa mmoja.

Mmenijadili dukani, mimi na jicho langu, kama kipuri kilichokwisha. Wewe na msichana ambaye hanijui hata kwa sura. Alipokwambia, ulitakiwa upande basi siku ile ile. Ungefika, ungekaa mbele yangu, ungesema, Dada, huoni. Ningekupiga kofi. Halafu ningekwambia ndiyo. Badala yake ukanichezea mafumbo na skafu, ukaniuliza kama nalala vizuri, na mwisho ukaniibia jina langu. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi ni watu wa nguo.

Ulidhani sijui? Nilikwenda hospitali mwezi wa kumi, peke yangu, nikawaambia hapa nimekwenda kununua wino. Daktari alisema katikati ya jicho la kulia pamekufa, na la kushoto limeanza kufuata. Hakuna dawa ya kuparudisha. Pembeni nitabaki naona, mlango, kamba ya nguo, mtu akipita. Katikati, pale ninapopataka mimi, hapana. Hata la kushoto nilishajaribu kulengea. Huo ustadi wako wa kunifundisha kufumba macho peleka kwingine.

Sasa nikwambie kitu ambacho wewe mwenye macho mawili mazima hukukiona. Tangu barua ya kwanza nalia huduma, huduma, huduma. Ulidhani ni ubishi wa mwanamke wa zamani? Nilipokuwa naona, fundi wa nini? Mashine ya mama nimeifungua yote na kuirudisha mara tatu kwa mikono hii, bolti ikilegea naiona kabla haijalia. Sasa siioni. Nikiikosa, kazi inaharibika, na sitajua mpaka Bwana Rula atoe rula yake. Kwa hiyo nilimtaka mtu wa mtaa wa pili, afike kabla wino haujakauka. Wewe umetafuta mashine ambayo kipofu anaweza kuichapia. Mimi nilitafuta mashine ambayo kipofu anaweza kutengenezewa. Tulikuwa tunamnunulia mtu mmoja, mimi, na kila mtu anamficha mwenzake.

Na ndiyo, kiburi kipo. Kwenye mashine ya bolti wangeendelea kuniita nije kulenga, na mimi ningekosea, na tungeendelea kusema mashine imechoka. Nilijua hilo. Nakwambia ili usije ukajidai umeligundua wewe.

Kesho rudi dukani. Ile sahihi ya kuiba ifutwe mbele yako, walete karatasi hapa niweke yangu, kwa mkono wangu. Lakini sisaini mpaka waandike haya. Kwanza, Fundi Spana aende kwao, afundishwe wiki nzima kuifungua na kuifunga, na kitabu chake arudi nacho. Pili, sanduku la vipuri likae hapa, chini ya meza yangu, siyo kwao. Wakikataa, mashine yao waikunjie nguo.

Usikanyage hapa mpaka nikuite.

Mimi


Mjini, Jumamosi 12 Aprili

Dada,

Sina la kujitetea. Nilichofanya ni wizi, na niliufanya kwa sababu niliogopa kukwambia usoni. Nimekuwa mwoga kwako tangu nina miaka saba. Nisamehe ukiweza, na usipoweza nitaelewa.

Muuzaji alikataa. Akasema hawafundishi mafundi wa mitaani. Nikamuuliza fundi wake wa siku tatu akifika atakuta nini, kazi au matanga? Akasema nishushe sauti, wateja wanasikia. Nikapandisha. Wateja wawili wakaanza kuulizia huduma na wao. Ndipo akaita meneja, na meneja akaandika.

Fundi Spana amekaa nao siku saba. Siku ya kwanza alisema chai yao ni maji ya kuoshea brashi. Siku ya pili akawaonyesha kwamba skrubu moja wameifunga kinyume tangu kiwandani, na walikuwa hawajui. Siku ya saba meneja alimwomba abaki awafanyie kazi. Akajibu ana mteja mmoja mtaani kwake, mama mkali, hawezi kumwacha. Anarudi na lori la mashine. Sanduku la vipuri amelikalia mwenyewe njia nzima.

Sahihi yangu ya uongo nimeichana. Karatasi mpya za kusaini anazo Fundi Spana.

Tarehe 30 ningependa kuwepo. Nitakaa hata nje.

Mdogo wako


Karakana, Alhamisi 1 Mei

Mdogo wangu,

Sikukuita kwa sababu sikutaka. Nisingeweza kuwavumilia Bwana Rula na wewe chumba kimoja.

Juzi, siku moja kabla, mashine ilikwama. Springi ya pini moja ilikatika. Nilianza kukutukana wewe, pini zako na msichana wako. Fundi Spana alifika na kandambili, hajamaliza hata kunawa, akaingiza mkono kwenye sanduku, akatoa springi, akaiweka. Wino ulikuwa bado mbichi. Kwa hiyo nilikuwa sahihi kuhusu huduma, na nataka uliseme hilo kwa maandishi.

Jana Bwana Rula alikuja saa tatu. Alisema achape mtu yeyote tunayemtaka. Wote wakanigeukia, halafu nadhani wakajuta kunigeukia. Nikasimama. Nikavalisha jezi kwenye ubao, nikashusha fremu ya kwanza, pini zikaingia, nikavuta wino. Nne hivyo hivyo. Sikufumba jicho lolote. Sikuinama hata kutazama, ningetazama nini? Mkono ndio ulikuwa unafanya kazi, na ulikuwa unaijua.

Aliweka rula. Akaweka tena. Akachukua nyingine kumi, akazipima zote, nikamsikia anairudisha rula mfukoni. Kazi ya mwaka ni yetu. Halafu akanishika bega akasema, "Mama, jicho lako bado kali."

Watu wote wakatazama chini. Mume wangu akajifanya anafunga kopo. Mimi nikasema asante. Nilitamani niivunje ile rula kwa goti.

Kwa hiyo ulikuwa sahihi na wewe, kuhusu pini. Nimeliandika, usinitake nilirudie.

Hasira yangu haijaisha. Niliamka nayo leo nikaja nayo kazini. Tumechapa jezi mia mbili asubuhi hii, na nikichukua moja na kuinyanyua dirishani, naona kingo za jezi tu, na katikati doa la kijivu mahali pa nembo. Nikauliza, imekaaje? Mshonaji akasema imekaa sawa. Mkaushaji akasema imekaa sawa, naye alikuwa upande wa pili wa chumba, hakuwa hata ameitazama. Mume wangu akasema imekaa vizuri mno. Miaka ishirini na sita sijawahi kumuuliza mtu kuhusu kazi ya mikono yangu, na leo nimeuliza, na wananijibu kabla sijamaliza swali. Wananihurumia, na huruma yao itaniua haraka kuliko hili jicho.

Siku moja itakosea. Mashine zote hukosea. Na siku hiyo watasema imekaa sawa.

Sijakusamehe ile sahihi. Lakini wewe ndiye mtu pekee aliyewahi kuniambia nimekosea. Panda basi la asubuhi, njoo usimame hapa mezani.

Dada yako